Fuad, Kijakazi na Sisi: Wahusika wa Riwaya za Zanzibar na Wasomaji Wao wa Mawaleh

Kila ifikapo tarehe 9 Desemba jarida letu hutoa makala ya historia, na mara nyingi huwa historia ya viongozi, ya mikutano na ya bendera. Mwaka huu wazee wa jumuiya wametuomba tuandike sisi wa kikao cha kusoma cha Mawaleh, kile kinachokutana Alhamisi usiku kwa kahawa na mbatata za urojo. Aliyekabidhiwa kalamu ni muuguzi. Shahada yake aliisomea India, na historia hakuisomea popote. Hata hivyo tumekubali, kwa sababu kuna watu ambao historia yao haijaandikwa katika jarida hili nao wametusumbua sana mwaka huu. Hawakuzaliwa na mama yeyote. Ni wahusika wa riwaya.

Kazi ya uuguzi huanza kwa kuuliza. Jina lako nani? Una umri gani? Unatoka wapi? Ndugu yako wa karibu ni nani? Mwandishi wa riwaya naye huanza hapo hapo, ila yeye hujijibu mwenyewe. Majibu anayoyachagua yana historia yake, na majibu hayo yamebadilika kadiri nchi yetu ilivyobadilika.

Majina yaliyotoa hukumu

Waliosoma sekondari Tanzania watamkumbuka Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909 na kufariki Juni 1962, miezi sita tu baada ya Uhuru wa Tanganyika. Katika Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, mshitakiwa anaitwa Karama na waziri anayemshitaki anaitwa Majivuno. Katika Adili na Nduguze cha mwaka 1952, ndugu wawili wabaya wanaitwa Hasidi na Mwivu. Msomaji hana haja ya kusubiri, kwani jina limekwisha kumwambia ampende nani na amwogope nani.

Vijana wetu hucheka majina hayo, wakasema ni ya kitoto. Sisi hatuoni hivyo. Ulikuwa wakati wa ukoloni, na mwandishi aliyetaka kusema juu ya serikali isiyosikiliza alikuwa na sababu ya kuiweka nchi yake angani na kuwapa watu wake majina ya tabia. Tena msikilizaji wa Kiswahili aliyazoea mambo hayo kutoka kwenye hadithi za bibi: sungura ni mjanja, fisi ni mlafi, na hakuna aliyeuliza sungura huyo ni wa ukoo gani.

Mtu mwenye kiko

Mabadiliko makubwa yalitoka Unguja. Mohamed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alifanya kazi Idara ya Afya kama mkaguzi kabla ya kuwa mhariri wa magazeti, kwa hiyo sisi wauguzi humhesabu kuwa mwenzetu. Riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la mwaka 1957 na 1958, ikachapishwa mwaka 1960. Humo akazaliwa Bwana Msa, mpelelezi asiye askari, pamoja na rafiki yake Najum.

Bwana Msa hakupewa jina la sifa. Tunamjua kwa kiko chake, kwa utulivu wake, na kwa namna anavyomwacha mtu aseme mpaka ajisemee siri yake. Ni kweli kwamba nyuma yake yupo Sherlock Holmes wa Waingereza, lakini mitaa anayopita ni yetu, na hofu ya mizimu anayoichunguza ni yetu pia. Ndiyo maana wazee hapa Mawaleh humzungumza kama mtu waliyewahi kukaa naye barazani. Mmoja wetu aliambiwa na baba yake, "Bwana Msa angelikuwepo, tungelijua nani aliyeiba zile karafuu." Mhusika akishafika hapo, si wa mwandishi peke yake tena.

Fuad wawili

Baada ya hapo yakaja Mapinduzi, na riwaya za Zanzibar zikaanza kuuliza swali ambalo Bwana Msa hakuulizwa: shamba ni la nani, na nani analilima?

Mwaka 1976 Mohamed Suleiman Mohamed alitoa Nyota ya Rehema. Miaka miwili baadaye Adam Shafi Adam akatoa Kasri ya Mwinyi Fuad. Waandishi wawili, vitabu viwili, na katika vyote viwili mwenye mashamba mwenye asili ya Kiarabu anaitwa Fuad.

Fuad wa kwanza tunamjua zaidi kupitia binti yake. Rehema anakulia katika nyumba ya baba yake bila mapenzi, anaikimbia, anafika mjini, maisha yanamvuruga, mpaka anakutana na Sulubu mkulima. Jina lake ni rehema lakini nyota yake ni ngumu, na hapo mwandishi amefanya kitu ambacho Shaaban Robert hakukifanya: ameliacha jina lipingane na maisha. Fuad wa pili ni bwana wa kasri, dhalimu, na karibu naye yupo mtumishi aliyemtumikia kwa utiifu wote. Mtumishi huyo anaitwa Kijakazi.

Tuyatazame majina hayo vizuri. Mwinyi ni neno la heshima, maana yake bwana, mwenye mali. Kijakazi ni mjakazi mdogo, mtumwa wa kike. Mmoja ana cheo mbele ya jina lake, mwingine ana utumwa mahali pa jina. Hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na hadithi ya kasri inafikia Mapinduzi ya 1964. Kwa hiyo miaka zaidi ya sitini baada ya sheria, neno lilikuwa bado limekaa juu ya mtu. Adam Shafi hakuhitaji kueleza hayo kwa kurasa nyingi. Alimpa mtu jina, akatuachia sisi.

Shuleni tulifundishwa kuwa wapo wahusika bapa, wasiobadilika, na wahusika duara, wenye mambo mengi ndani yao. Mwinyi Fuad ni bapa. Kila anapoingia tunajua atafanya ubaya. Tuseme ukweli kwamba huo ulikuwa wakati wake: kitabu kilitoka katika enzi ya Ujamaa, miaka 14 baada ya Mapinduzi, na taifa lilitaka kuuona unyonyaji una sura na una jina. Lakini msomaji hasomi akiwa katika mwaka wa kitabu. Husoma akiwa nyumbani kwake, na nyumba zetu ziko Mawaleh.

Usiku kitabu kilipofungwa

Wasiotujua waelewe namna tulivyo. Wamo miongoni mwetu waliotoka Dar es Salaam, Tanga na Mwanza juzi kufuata kazi. Wamo ambao wazazi wao waliondoka Unguja baada ya Januari 1964, wakatangatanga, kisha wakaja Oman Sultan Qaboos alipowaita Waomani wa ng'ambo baada ya kushika nchi mwaka 1970. Wamo wa Makunduchi na wamo wa Pemba. Soko kubwa la matunda na mboga lilipokuwa bado hapa Mawaleh, wote tuligombea mihogo ile ile. Lakini tuna tarehe nne: 9 Desemba 1961, 10 Desemba 1963, 12 Januari 1964 na 26 Aprili 1964. Kila nyumba ina tarehe inayoisema kwa sauti na tarehe inayoinyamazia.

Tulipofika katikati ya Kasri ya Mwinyi Fuad, mama yetu mmoja, mtu mzima aliyetolewa Unguja akiwa mdogo, alikifunga kitabu akakiweka mezani.

"Wanangu, mimi basi," alisema. "Babangu alikuwa na shamba. Hakuwa huyu."

Mwenzetu mmoja wa kusini ya Unguja, aliyekuwa ameinamia kikombe chake, akamjibu taratibu, "Bi mkubwa, shikamoo yako ipo pale pale. Lakini nyanyaangu mimi aliitwa Kijakazi. Si wa kitabuni. Nyanyaangu hasa."

Hakuna aliyegombana. Ingekuwa afadhali tugombane. Kahawa ilipoa na watu wakaaga mapema. Usiku ule ndipo tulipofahamu kwamba mwandishi hutengeneza nusu tu ya mhusika. Nusu ya pili hutengenezwa na msomaji kwa watu wa kwao, na kila msomaji huchukua mahali palipo karibu na damu yake. Bi mkubwa alimkuta babake akadai haki yake. Mwenzetu alimkuta nyanyaake akadai ya kwake. Kitabu kilikuwa kimoja, lakini mle chumbani vilikuwa viwili.

Alhamisi iliyofuata tulidhani bi mkubwa hatakuja. Alikuja. Alikaa, akapokea kahawa, kisha akasema, "Wiki nzima nimelala na yule Kijakazi wenu. Kuna mtu alinilea kule shamba, akiniogesha, akinisuka. Tukimwita Yaya. Sijui jina lake. Nina miaka hii yote sijapata kumuuliza mtu jina lake."

Mwenzetu wa kusini ndiye aliyemsogezea sahani ya halua. Hatukusema mengi. Tulisoma kitabu mpaka mwisho. Bi mkubwa mpaka leo anasema Fuad yule si babake, na sisi tunakubali kwamba anayo haki ya kusema hivyo. Lakini hamwiti tena "Kijakazi wenu". Anasema "Kijakazi".

Upande wa pili wa bahari

Baada ya hapo tulitafuta vitabu vya upande huu wa bahari. Wanaosoma Kiarabu kwa ufasaha walitusomea Sayyidat al-Qamar cha Jokha Alharthi, mwandishi wa Oman, riwaya ambayo tafsiri yake ya Kiingereza ilipata tuzo ya Man Booker International mwaka 2019. Walisoma kwa Kiarabu na kutusimulia kwa Kiswahili. Humo yumo Zarifa, mtumwa aliyemlea Abdallah, mtoto wa bwana wake, aliyekua bila mama. Zarifa si bapa hata kidogo. Anacheka, anakula, anatawala jikoni, anampenda mtoto wa watu na kugombana na mwanawe mwenyewe anayetaka kuondoka. Bi mkubwa alisikiliza akitabasamu. "Huyu namjua," alisema. Tukajua ni nani.

Vijana walituletea Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Ida Hadjivayanis aliitafsiri, ikatoka mwaka 2022. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anatolewa kwao kulipia deni la baba yake, akidhani tajiri anayemchukua ni ami yake. Khalil, kijana wa dukani, anamrekebisha: huyu si ami, mwite Seyyid. Neno moja tu linabadilishwa, na mtoto anajifunza kwamba yeye ni rehani. Kwa msomaji wa Kiswahili hilo linauma zaidi, maana kwetu kila mkubwa ni ami, mjomba, shangazi au bibi. Tunajua kinachopotea neno la ujamaa likinyang'anywa.

Na Adam Shafi mwenyewe hakubaki kwenye kasri. Alitiwa kizuizini baada ya kuuawa kwa Rais Karume mwaka 1972, na mwaka 2003 alitoa Haini, riwaya ya wafungwa wa serikali ya baada ya Mapinduzi. Kabla ya hiyo, mwaka 1999, alitoa Vuta N'kuvute, ambamo moyo wa hadithi ni Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa mwanamume mzee, akatoroka. Amil Shivji aliitengenezea filamu iliyoonyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021. Mwandishi aliyempa Fuad sura moja, miaka 21 baadaye alikwenda kumtafuta msichana wa jamii nyingine akakaa naye ndani ya moyo wake. Nchi ilikuwa imekua, na mwandishi naye alikua.

Tunachokipeleka kazini

Tumalizie na jambo letu la wodini. Kazi ikizidi, wauguzi husemezana: "mama wa kitanda cha sita apewe dawa", "mzee wa sukari hajala". Tumeyasema hayo miaka mingi bila kuona ubaya. Baada ya usiku ule, aliyeshika kalamu hii hawezi tena. Anaona kwamba "wa kitanda cha sita" ni ndugu yake "Kijakazi": ni kazi au mahali palipokaa juu ya mtu. Sasa tunauliza jina kamili na tunaliita. Wazee wengine wa hapa, maradhi yakiwazidi, Kiarabu huwatoka na Kiswahili cha utotoni hurudi. Ukimwita mmoja wao kwa jina lake na kumwambia "shikamoo", hufungua macho.

Uhuru wa nchi huwa na siku yake na gwaride lake. Uhuru wa mtu kuitwa jina lake hauna siku. Basi baada ya sherehe, chukueni kitabu kimoja kati ya hivi, mkisome nyumbani kwa sauti, wazee na watoto pamoja. Mkimkuta mtu wa kwenu, mfurahieni au mteteeni. Kisha mgeuze ukurasa mumtafute asiye wa kwenu, na muulize jina lake. Anayetaka kukopa vitabu aje Alhamisi. Kahawa ipo.

Heri ya Siku ya Uhuru kwenu nyote.