Nani Aandikaye Habari za Akili Zetu?

Mwaka 1938 daktari mmoja wa Kiingereza, J. C. Carothers, alikabidhiwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi. Alikuwa daktari wa kawaida wa serikali. Elimu ya maradhi ya akili hakuwa ameisomea. Alikaa hapo kiasi cha miaka kumi na miwili akiwatazama watu waliofungiwa humo, na kutokana na hao akatoa hukumu juu ya Waafrika wote. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likamchapishia kitabu. Alidai kuwa Mwafrika haitumii sawasawa sehemu ya mbele ya ubongo, akamfananisha na Mzungu aliyepasuliwa ubongo. Na kwamba huzuni ya maradhi ni nadra kwetu. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ya Kenya ikatoa maandishi yake juu ya Mau Mau, na watu waliodai ardhi yao wakaelezwa kama wagonjwa.

Ndugu msomaji, usistaajabie kosa la mtu mmoja. Staajabia njia iliyolifikisha mbali. Alikuwa na cheo, lugha na mchapishaji. Mgonjwa wa Mathari hakuwa na hata kimoja.

Aliyempinga waziwazi ni daktari wa Kinigeria, Thomas Adeoye Lambo, aliyesomea Birmingham. Mwaka 1954 alianza kazi katika hospitali ya Aro, karibu na Abeokuta. Wagonjwa aliwapangisha katika vijiji vya jirani pamoja na jamaa zao, na waganga wa kienyeji akawaita washirikiane naye. Baadaye yeye na Alexander Leighton wa Marekani walizunguka vijiji vya Wayoruba, wakaikuta ile huzuni iliyosemwa kuwa ni nadra. Kitabu chao kilitoka mwaka 1963. Kilichapishwa na Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, na jina la Leighton likatangulia.

Ukoloni ukaondoka, lakini mambo hayakubadilika sana. Mwaka 2001 Vikram Patel na Athula Sumathipala walitangaza hesabu ya majarida sita makubwa ya tiba ya akili. Makala yaliyotoka katika sehemu za dunia zenye zaidi ya asilimia 90 ya watu yalikuwa asilimia 6 tu. Hesabu nyingine, ya miaka 2002 hadi 2004, ilizipa nchi maskini na za kati asilimia 3.7.

Sababu ni nini? Fedha, kwanza. Daktari mwenye foleni ya wagonjwa mlangoni hana saa ya kuandika, na anayemlipia utafiti, aghalabu mtu wa mbali, ndiye achaguaye swali. Tena kuna Kiingereza. Na jarida ni kama baraza: waliokwisha kukaa ndio wanaomkaribisha mgeni, nao humuuliza habari zinazowahusu wao. Utafiti wa London huitwa habari ya binadamu. Wa Ibadan huitwa habari ya Nigeria.

Liko pia jambo la maneno, nami naona ndilo zito kuliko yote. Kwetu mtu hasemi ana maradhi ya huzuni. Husema ana mawazo, moyo mzito, usingizi haumjii. Ukimuuliza kwa maswali yaliyotungwa Ulaya, atajibu hapana, nawe utaandika kuwa ni mzima. Huenda Carothers naye alidanganyika hivyo.

Kule Harare Washona wana neno lao, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, na katika miaka ya 1990 Patel na wenzake walitunga maswali kwa Kishona chenyewe. Kisha Dixon Chibanda, daktari wa huko huko, kuanzia mwaka 2006 akawafunza wanawake watu wazima, mabibi wa mitaani, wakae na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati na kuwasaidia kuyatatua matatizo yao moja moja. Walipojaribiwa kwa watu 573, baada ya miezi sita waliokaa na mabibi walikuwa na nafuu kuliko waliopata matibabu ya kawaida.

Fedha za jaribio hilo zilitoka Canada. Matokeo yalitangazwa mwaka 2016, katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani.