Urithi Unaovuja: Bunduki za Pampu za Marekani na Suala la Kuzitengeneza

Tarehe 10 Juni 1805, kwenye makutano ya mito Marias na Missouri, eneo ambalo leo ni jimbo la Montana, Meriwether Lewis aliandika katika shajara yake kwamba John Shields, mhunzi wa msafara, ameitia bunduki yake ya upepo springi kuu mpya. Lewis na mwenzake William Clark walikuwa wametumwa na Rais Thomas Jefferson kutafuta njia ya kufika Bahari ya Pasifiki, na mara kadhaa njiani Lewis aliifyatua bunduki hiyo mbele ya viongozi wa mataifa ya wenyeji ili wastaajabie silaha isiyotumia baruti wala kutoa moshi. Baadaye watafiti walibishana kwa muda mrefu kuhusu bunduki iliyokuwa mikononi mwake. Wapo walioitaja iliyoundwa na Isaiah Lukens, fundi saa wa Philadelphia. Wengine wakaelekeza kidole kwenye bunduki ya Girandoni, ya jeshi la Austria, inayohifadhiwa sasa na Jeshi la Marekani huko Carlisle, Pennsylvania. Ushahidi mzito wa kundi hili la pili ni matengenezo. Bunduki ya Carlisle ina alama za mkono wa fundi zinazoafikiana na shajara, ikiwemo springi kuu iliyofuliwa upya. Si kila mtu ameridhika na hoja hiyo, lakini njia iliyotumika kuithibitisha ina uzito wake: kama Shields asingeigusa, au kama mtu wa baadaye angeondoa kazi yake ili kuirudishia bunduki sura ya kiwandani, leo kusingekuwa na cha kujadili.

Naanza na kisa hicho kwa sababu kinapingana na kanuni inayotawala soko la vitu vya kale, kwamba kitu kisichoguswa ndicho bora. Kanuni hiyo yaweza kufaa kwa sarafu na stempu. Kwa bunduki ya upepo, hasa ile inayojazwa kwa pampu yake yenyewe, naiona si sahihi. Chombo hiki kiliundwa kikiwa na sehemu za kudumu na sehemu za kuchakaa, na waundaji wake walijua tangu mwanzo kwamba zile za kuchakaa zitabadilishwa mara nyingi katika uhai wake. Bunduki iliyotengenezwa kwa uangalifu, ikaweza tena kushika upepo, inatueleza historia yake zaidi kuliko iliyoachwa bubu kwa hofu ya kuifungua.

Girandoni yenyewe ndiyo shahidi wa kwanza. Iliingia katika jeshi la Austria yapata mwaka 1780. Kitako chake kilikuwa chupa ya chuma iliyotaka kusukumwa mara 1,500 hivi hadi ijae, na kando ya mtutu palikuwa na mrija wa risasi 20 hivi ambazo askari angezipiga mfululizo, wakati mwenzake mwenye bunduki ya baruti alikuwa bado anashindilia ya pili. Sifa hizo hazikuiokoa. Ngozi zilizoziba viungo vyake zilikauka na kuvuja, mafundi wenye ujuzi wa kuzirudishia walikuwa wachache, na mwanzoni mwa karne ya 19 silaha ile iliachwa. Ilishindwa kwa kukosa watengenezaji, wala si kwa kukosa nguvu.

Karibu karne moja baadaye Wamarekani walilitatua tatizo hilo kwa kulipunguza. Badala ya hazina kubwa ya kujazwa kwa saa nzima, waliweka pampu ndogo ndani ya bunduki, na mpigaji akasukuma mara chache tu kwa kila risasi. Walter Benjamin alianzia St. Louis, Missouri, na mwaka 1902 Kampuni ya Benjamin Air Rifle ikazaliwa katika mji huo huo. Bunduki zake za mwanzo zilikuwa na fimbo ya pampu mbele, chini ya mtutu, na mtumiaji aliisukuma kwa kuiegemeza kwenye kitu kigumu. Huko Rochester, New York, familia ya Crosman iliyojulikana kwa biashara ya mbegu iliingia kazi hiyo katika miaka ya 1920, na muda si mrefu ikatoa bunduki yenye wenzo wa kusukumia chini ya mtutu, umbo ambalo wengine wote walilifuata. Ya tatu, kampuni ya Sheridan ya Racine, Wisconsin, ilikuja mwaka 1947 na bunduki ya milimita 5 iliyouzwa dola 56.50, bei ya bunduki ya baruti ya wakati huo. Ziliuzwa zipatazo 2,000 tu. Kampuni ikaokolewa na toleo rahisi zaidi, Silver Streak la mwaka 1949, na ndugu yake Blue Streak, ambazo vizazi vya vijana wa mashambani walipiga nazo panya na kunguru. Benjamin iliinunua Sheridan mwaka 1977, na Crosman ikazimeza zote mbili mwaka 1992.

Ndani ya bunduki hizi mna jambo ambalo yeyote aliyewahi kufungua pampu ya zamani ya baiskeli atalitambua: kikombe cha ngozi kilicholowa mafuta, kinachotanuka na kubana ukuta wa silinda pistoni inaposukumwa. Mbele yake ipo vali ya kuingizia upepo, na ya pili ambayo nyundo huigonga ili kuutoa nyuma ya risasi. Ngozi hukauka, mpira wa vali hugeuka mgumu kama kokwa, na bunduki hunyamaza huku shaba yake ikiwa nzima. Ndiyo maana bunduki nyingi zinazouzwa kama mbovu si mbovu. Mnunuzi avute wenzo mara moja: ukirudi wenyewe kwa nguvu baada ya kusukumwa, vali ya kuingizia inavuja, usipotoa ukinzani wowote, kikombe kimekauka. Hayo yote yanatengenezeka. Kinachopaswa kumtia wasiwasi ni ulehemu unaounganisha mtutu na silinda katika Benjamin na Sheridan. Ukiachia, kuurudishia kunahitaji moto kwenye shaba yenye rangi ya asili, na fundi asiye makini ataiharibu moja kwa moja.

Hapa ndipo mpinzani wangu, anayetaka bunduki isiguswe, ana haki, na sina budi kumpa. Benjamin nyingi za zamani zilipakwa nikeli nyeusi juu ya nikeli nyeupe, juu ya shaba ya manjano. Mahali zilipokamatwa miaka na miaka, rangi hizo zimelika kwa tabaka, na mtu anaweza kusoma mkono wa mtumiaji ulishika wapi. Anayeisugua mpaka shaba ing'ae kama sinia la harusi amefuta ushahidi usiorudi. Lakini kosa hilo ni la kusugua. Kubadilisha kikombe cha ngozi hakugusi hata nukta moja ya rangi hiyo, kwa hiyo haki ya mpinzani inaishia nje ya silinda. Wapo pia wanaodai kwamba kikombe cha plastiki ya kisasa mahali pa ngozi ni udanganyifu. Kingekuwa udanganyifu kama kingefichwa. Viwanda vyenyewe viliacha ngozi na kuchukua mpira wa kutengenezwa, kwa hiyo badiliko hilo limo tayari ndani ya historia ya bunduki hizi.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba silaha haistahili kuitwa urithi. Silipuuzi. Bunduki ya upepo inatoboa jicho na kuua ndege, na Uingereza humtaka mtu awe na kibali kwa bunduki ndefu ya upepo inayozidi nishati ya futi-pauni 12. Hata hivyo ufundi wa kuubana upepo, kuushika na kuuachia kwa kipimo, kwa ngozi na shaba tupu, ni maarifa ya binadamu, na yanapotea pale ambapo hakuna anayeifungua tena silinda. Chombo kilichofungwa kabatini kikiwa na vali iliyooza hakimfundishi mtu namna kilivyofanya kazi.

Basi anayenunua moja ya bunduki hizi aulize kwanza sheria ya nchi yake, kisha aitengeneze bila woga. Asisugue rangi, asibadilishe kisichochakaa, na kila kipande anachokitoa akitie kwenye bahasha pamoja na karatasi inayotaja mwaka, kipande kilichowekwa na aliyekiweka, na bahasha hiyo aikabidhi kwa mwenye bunduki anayefuata.