Usifungue Kabureta Kwanza: Namna ya Kujua Petroli Imekwama Wapi Kwenye Peugeot 504

Peugeot 504 zingaliko Pwani, hasa zile pikapu. Gari hili lilitoka Ufaransa mara ya kwanza mwaka 1968, likashinda Safari Rally 1975 na 1978, na kwa miaka mingi likawa likiunganishwa hapahapa Mombasa. Ndiyo sababu mafundi wake hawajatoweka. Lakini umri ni umri, na malalamiko ya wenye magari haya yanafanana: gari linazima njiani kwa kukosa petroli, na tangi lina petroli.

Kinachofuata hapo kinajulikana. Boneti inafunguliwa, kabureta inafunguliwa, inapulizwa, inafungwa. Gari linawaka, mwenyewe analipa, na kabla ya kumaliza mlima wa Mazeras limezima tena. Aghalabu kabureta imesingiziwa. Gari liliwaka kwa kuwa lilipumzika nusu saa, wala si kwa kuwa limetengenezwa.

Maelezo haya ni ya 504 ya petroli yenye kabureta, iwe ya sisi 1796 au 1971. Zile za dizeli zina mambo yake. Mwenye 404 au gari jingine la zamani lenye pampu isiyotumia umeme atafaidika pia.

Petroli hutoka tangini nyuma, ikapita kwenye bomba la chuma chini ya bodi, kisha kwenye mpira, hadi kwenye pampu iliyofungwa ubavuni mwa injini. Pampu hiyo inaendeshwa na kamshafti. Kuna mkono unaovuta utando wa mpira, utando unavuta petroli, kisha springi inausukuma utando na petroli inakwenda kwenye kabureta. Vali mbili ndogo zinazuia petroli isirudi nyuma. Basi kabla ya pampu petroli inavutwa, na baada ya pampu inasukumwa. Tofauti hiyo ni kubwa. Upande wa kusukumwa ukipasuka, utaona petroli ikidondoka. Upande wa kuvutwa ukipasuka, huenda usione hata tone moja, kwa sababu hewa ndiyo inayoingia, na pampu inavuta hewa badala ya petroli. Watu wengi hutazama mpira wa nyuma, wakauona mkavu, wakasema ni mzima.

Kwanza hakikisha kwamba kweli ni petroli. Gari linalozima ghafla, kama taa iliyozimwa swichi, mara nyingi lina tatizo la umeme: koili, pointi au kondensa. Linalokosa petroli hufa polepole. Huanza kupoteza nguvu mlimani, likarukaruka, likakohoa, ndipo likazima. Piga stata kidogo kisha toa plagi moja uitazame. Ikiwa kavu kabisa, petroli haifiki. Ikiwa imelowa na inanuka petroli, basi petroli inafika. Tafuta kwenye moto wa plagi, au angalia kama kabureta inafurika.

Kisha, injini ikiwa imezimwa, ondoa kifuniko cha chujio la hewa, chungulia kwenye koo la kabureta na uvute kwa mkono ule mkono wa pedali ya mafuta. Unapaswa kuona petroli ikiruka kama mate ya nyoka. Ikiruka, bakuli la kabureta lina petroli. Isiporuka, usikimbilie bisibisi. Huenda kabureta haina kosa lolote ila kwamba haijaletewa kitu.

Kabla ya kuendelea, neno la usalama, na hapa hakuna mzaha. Fanya kazi hii nje, injini ikiwa imepoa, bila sigara wala jiko la mkaa karibu, na ndoo ya mchanga au mtungi wa kuzimia moto uwe kando yako. Watoto wasisogee. Usinyonye petroli kwa mdomo. Ikiingia mapafuni inaweza kuua. Na ule mtindo wa kumimina petroli kwenye koo la kabureta huku mwenzako anapiga stata uachwe. Injini ikipiga moto kwa nyuma, uso wako ndio ulio juu yake.

Sasa pima pampu. Chomoa waya mwembamba wa koili ili plagi zisitoe cheche. Toa mpira unaoingia kwenye kabureta, uelekeze ndani ya chupa ya kioo, na mwenzako apige stata. Petroli itoke kwa mapigo yenye nguvu, na kwa dakika moja upate kama nusu lita, lakini usiishike stata mfululizo hivyo. Piga kwa vipande, upumzishe. Ikitoka kwa kudondoka, au ikija na mapovu, endelea na kipimo kinachofuata, ambacho kwa maoni yangu ndicho chenye thamani kuliko vyote na ndicho kinachorukwa.

Chomoa mpira unaotoka tangini upande wa kuingia pampu, uuzibe usimwage. Weka mpira mpya mfupi, ncha ya pili itumbukie kwenye kidebe kidogo cha petroli safi kilichowekwa imara mbali na injini. Piga stata tena. Pampu ikivuta vizuri kutoka kidebeni, pampu ni nzima, na ubaya uko nyuma: mpira, bomba, tangi au kifuniko. Isipovuta, pampu ndiyo mgonjwa.

Ukitumwa nyuma, anza na kifuniko cha tangi, kwa kuwa hakina gharama. Tangi lazima liingize hewa kadiri petroli inavyotoka. Tundu la hewa likiziba, au ukiwa umewekewa kifuniko cha gari jingine, pampu inashindwa kuvuta. Gari likizima, fungua kifuniko usikilize. Ukisikia hewa ikivutwa kwa mlio, umeshapata.

Halafu tangi lenyewe. Hapa kwetu chumvi na unyevu havilali, na tangi linalokaa nusu tupu kwa miezi hupata kutu ndani. Vumbi la kutu huvutwa hadi kwenye mdomo wa bomba likauziba. Injini ikizima, mvuto unakwisha, vumbi linaanguka chini, na baada ya dakika kumi gari linawaka kana kwamba halikuwa na neno. Dalili hiyo inafanana sana na ya petroli kugeuka mvuke kwa joto, jambo linalowakuta wengi kwenye foleni ya feri ya Likoni, injini ikiunguruma juani bila upepo. Namna ya kutofautisha: weka kitambaa kilicholowa maji juu ya pampu na bomba lake. Gari likifufuka, ni mvuke. Sogeza mpira mbali na vyuma vya moto. Gari linalozima hata alfajiri kukiwa na baridi halina mvuke. Hilo fungua tangi lioshwe.

Pampu ikiwa ndiyo mbovu, chomoa kijiti cha oili kabla ya jambo lingine. Utando uliochanika humwaga petroli ndani ya injini. Oili ikiwa imepanda juu ya alama, imekuwa nyepesi na inanuka petroli, usiwashe gari hilo tena mpaka utando ubadilishwe na oili imwagwe yote, la sivyo utaua beringi za injini kwa sababu ya kipande cha mpira.

Wako wanaokwepa hayo kwa kufunga pampu ya umeme iliyotolewa kwenye gari la kisasa. Silipendi jambo hili. Kabureta inataka msukumo mdogo, kama pauni 2 hadi 4. Pampu ya gari la kisasa inatoa pauni thelathini au zaidi. Sindano ya kabureta haiwezi kuuzuia msukumo huo, petroli inafurika juu ya injini ya moto. Ukilazimika, nunua ya msukumo mdogo iliyotengenezewa kabureta, na iwe na swichi ya kuikata.

Petroli yenyewe nayo huwa na lawama. Septemba 2018 Serikali iliongeza shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuvunja biashara ya kuyachanganya na mafuta ya magari. Ukishuku, dondosha matone machache kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka upesi; ikibaki alama ya mafuta, badilisha kituo.

Ni baada ya haya yote kuwa sawa ndipo kabureta ifunguliwe. Tazama kama boya limetoboka na kuingia petroli, na kama sindano imelika. Vijitundu visafishwe kwa upepo, si kwa waya. Ukishafunga kila kitu, acha injini ingurume dakika tano, pitisha kitambaa kikavu kwenye kila kiungo kutafuta unyevu, ndipo ulipeleke Mazeras.