Fahirisi ya Soko la Hisa na Mpaka wa Busia na Tororo: Historia ya Kipimo na Upeo Wake

Fahirisi ya soko la hisa ni tarakimu moja inayojumlisha mabadiliko ya bei za hisa nyingi kwa kuzilinganisha na hali ya siku ya msingi. Makala haya yanafuatilia historia ya kipimo hicho Nairobi na Kampala, na kuonyesha kwamba tarakimu inayosomwa kuwa afya ya uchumi wa Uganda aghalabu ni mwangwi wa bei za Nairobi.

Soko la Hisa la Nairobi liliundwa mwaka 1954, na fahirisi yake ya kampuni 20 ikaanza mwaka 1964. Fahirisi hiyo huipa kila kampuni uzito sawa. Mwaka 2008 iliongezwa fahirisi ya hisa zote, iliyoanzia pointi 100, ambayo huipima kila kampuni kwa thamani yake sokoni. Hivyo bei ya Safaricom, iliyoorodheshwa Juni mwaka huo, huivuta fahirisi nzima.

Soko la Kampala lilianza kuuza na kununua mwaka 1998. East African Breweries iliorodheshwa huko mwaka 2001, Kenya Airways mwaka 2002, na kampuni nyingine za Kenya zikafuata. Kwa kuwa thamani ya hisa hizo hugeuzwa kuwa shilingi ya Uganda, fahirisi ya hisa zote ya Kampala huathiriwa na bei ya Nairobi pamoja na kiwango cha kubadilisha fedha. Ndiyo maana soko hilo hutoa pia fahirisi ya kampuni za ndani pekee.

Machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 yanafafanua hoja hii. Barabara na reli zilipozuiwa, shehena za kupitia Busia na Malaba, wilayani Tororo, zilikwama na mafuta yakaadimika Uganda. Fahirisi ya kampuni 20 ilifunga mwaka 2007 kwenye pointi 5,445 hivi, na mwaka 2008 kwenye 3,521. Hata hivyo, msukosuko wa fedha duniani nao ulichangia anguko hilo, na fahirisi haitenganishi sababu.

Kuna pia yasiyopimwa kabisa. Kabla ya 1902, ardhi za pande zote mbili za Busia zilikuwa ndani ya Uganda. Mpaka ulizigawa, lakini biashara ya jamaa na majirani iliendelea. Mahindi, samaki na mitumba vinavyovushwa na wachuuzi, wengi wao wanawake, havimo katika fahirisi yoyote. Hata Tororo, inakotengenezwa saruji tangu miaka ya 1950, Tororo Cement haijaorodheshwa sokoni.

Kwa hiyo, mshauri wa sera anapaswa kusoma fahirisi ya hisa zote sambamba na ile ya kampuni za ndani, kisha azilinganishe na tafiti za biashara isiyo rasmi ya mipakani zinazofanywa na Benki Kuu ya Uganda na Ofisi ya Takwimu ya nchi hiyo. Asipofanya hivyo, kupanda kwa hisa moja Nairobi kutahesabiwa kuwa nafuu ya mchuuzi wa Busia, ambaye huenda siku hiyo hakuuza chochote.