Muhuri wa Yongbyon

Nchi ya Korea iligawanywa mwaka wa 1945, Wajapani waliposhindwa vitani wakaiacha baada ya kuitawala miaka 35. Warusi wakashika upande wa kaskazini, Waamerika upande wa kusini. Mwaka wa 1950 majeshi ya kaskazini yakaingia kusini, na vita vile vikadumu miaka mitatu. Mwezi wa Julai 1953 mapigano yakasimamishwa, walakini mkataba wa amani haujatiwa sahihi hata leo. Yafaa msomaji aliweke neno hili moyoni, maana watu wa kaskazini hawakulisahau hata siku moja.

Serikali ya kaskazini, chini ya Kim Il Sung, ikajifungia kama mwenye nyumba aliyekomea milango yote. Mgeni haingii ila kwa kibali, wala raia hatoki ila kwa kibali. Na huko Yongbyon, kilometa karibu 100 kutoka Pyongyang, mji mkuu, wakajenga kinu cha atomiki, kikaanza kazi mwaka wa 1986. Katika kinu cha namna hii fimbo za madini ya urani hutoa joto; nazo zikiisha kutumika, ndani yake hupatikana plutoni, na kwa plutoni hutengenezwa bomu kama lile lililoangushwa Nagasaki. (Lile la Hiroshima lilikuwa la urani, na sehemu kubwa ya urani hiyo ilichimbwa Shinkolobwe, katika Katanga. Mambo haya si ya mbali nasi kama tudhanivyo.)

Korea ya Kaskazini ilikuwa imetia sahihi mwaka wa 1985 mkataba wa kutotengeneza silaha hizo. Mwaka wa 1992 wakaguzi wa kimataifa walipokwenda kupima, wakaona ya kwamba hesabu waliyopewa hailingani na waliyoyakuta. Wakaomba kuonyeshwa mahali pengine pawili, wakakataliwa. Mwezi wa Machi 1993 serikali ikatoa taarifa kwamba itajitoa katika mkataba, kisha ikasita siku moja tu kabla ya muda kutimia. Hata Mei 1994 wakaanza kuzitoa fimbo kinuni, zipatazo 8,000, pasipo kuwaacha wakaguzi kupima ipasavyo. Plutoni iliyokuwamo ilikadiriwa kutosha mabomu matano au sita.

Huko Washington walikuwako waliosema dawa ya moto ni moto, na kinu kipigwe kwa ndege. Wangeweza kukivunja. Lakini Seoul, mji mkuu wa kusini uliokuwa na watu kama milioni kumi wakati ule, u kilometa kama 50 tu kutoka mpakani, na mizinga ya kaskazini imeuelekea. Mjumbe mmoja wa kaskazini alikuwa amekwisha kusema mwezi wa Machi kwamba Seoul utageuka bahari ya moto. Basi kila aliyepiga hesabu ya shambulio alirudi kwenye hesabu ya maiti.

Hapo Jimmy Carter, aliyekuwa Rais wa Marekani zamani, akaomba kwenda mwenyewe, akavuka mpaka kwa miguu mwezi wa Juni 1994. Tarehe 16 wakubwa wa Marekani walikuwa wamekaa na Rais Clinton wakishauriana kuongeza askari, mara simu ikalia: Carter alikuwa akinena kutoka Pyongyang. Kim Il Sung alikubali kusimamisha kazi na kuwaacha wakaguzi wakae. Wengine chumbani mle walikasirika kwa kuwa mzee yule alikwisha kuamua kuyatangaza haya katika televisheni. Mimi naona hasira yao ilikuwa kitu kidogo mbele ya jambo lililoepukwa. Kim akafa tarehe 8 Julai, lakini mwanawe hakuyavunja mazungumzo, na tarehe 21 Oktoba mapatano yakatiwa sahihi Geneva.

Kinu cha Yongbyon kizimwe. Fimbo 8,000 zihifadhiwe, zitiwe muhuri. Wakaguzi wakae papo hapo. Kwa upande wao Waamerika na wenzao watajenga vinu viwili vya umeme vya namna isiyofaa sana kwa mabomu, mwaka wa 2003 ukiwa ndio shabaha, na kabla havijaisha watatoa mafuta tani 500,000 kila mwaka. Wengi walicheka wakisema, ‘Mwamwamini mwongo!’ Lakini mapatano hayakutaka mtu yeyote kuaminiwa. Muhuri hauulizi kama moyo wa mtu ni safi; ukikatwa, mkaguzi aona. Na kwa miaka minane kinu kile hakikutoa plutoni hata chembe.

Walakini kuahidi ni siku moja, na kutimiza ni kila mwezi. Baraza la kutunga sheria la Marekani liliingia mikononi mwa wapinzani wa Clinton mwezi uliofuata, wakatoa fedha kwa shingo upande. Mafuta yakachelewa mara kwa mara. Wengine walidhani serikali ile yenye njaa itaanguka yenyewe kabla vinu havijajengwa. Wa kaskazini nao, kwa siri, wakapata mashine za kusafisha urani kwa msaada wa Abdul Qadeer Khan wa Pakistan, na huko ni kukanyaga nia ya mapatano waziwazi. Kila upande ukawa na ushahidi wa hila ya mwenzake, wala ushahidi huo haukuwa wa uongo.

Oktoba 2002 Waamerika wakawashtaki kwa habari ya mashine hizo. Novemba mafuta yakakatwa. Desemba mihuri ikavunjwa, wakaguzi wakafukuzwa, na Januari 2003 Korea ya Kaskazini ikajitoa katika mkataba. Zile fimbo 8,000 zikatolewa majini zilimokuwa.

Kule Kumho, pwani ya mashariki, palipokuwa pajengwe vinu vile viwili, saruji ya kwanza ilimiminwa Agosti 2002, miezi miwili tu kabla ya ugomvi. Wafanyakazi wa mwisho wakaondoka Januari 2006. Tarehe 9 Oktoba mwaka uo huo Korea ya Kaskazini ikalipua bomu lake la kwanza chini ya ardhi.