Namba ya NIDA: nani anaijua, na anaweza kuitumia vipi

Namba ya Utambulisho wa Taifa, ambayo karibu kila mtu anaiita namba ya NIDA, ina tarakimu 20. Nane za kwanza ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Tano zinazofuata ni msimbo wa eneo, na kwa mtu aliyeandikishwa Arusha fungu hilo mara nyingi huanza na 23. Kisha zinakuja tano za mfuatano na mbili za mwisho.

Kwa hiyo namba hii si fumbo. Anayeisoma anajua umri wako na eneo lako kabla hujafungua mdomo. Na hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawajaliwaza: neno la siri la huduma za fedha kwenye simu kwa kawaida ni tarakimu nne, na wengi huweka mwaka waliozaliwa. Mwaka huo ndio tarakimu nne za kwanza za namba ya NIDA. Aliyeokota nakala ya kitambulisho chako pamoja na simu yako hana haja ya kubahatisha sana. Kama na wewe ni mmoja wao, badilisha leo.

Wasikilizaji wetu, kuanzia Engutoto na Njiro hadi Ngaramtoni na Usa River, huambiwa mara kwa mara wasimpe mtu yeyote namba ya NIDA. Kwa maoni yetu, ushauri huo hautekelezeki. Namba hiyo inatakiwa benki, kwenye laini ya simu, TRA unapoomba TIN, uhamiaji unapoomba pasipoti, kwenye mkopo wa elimu ya juu, kwa mwajiri, na siku hizi hata kwa mwenye nyumba. NIDA yenyewe, watu walipokuwa wanahangaika kusajili laini, iliweka njia ya kuitafuta namba mtandaoni kwa kujaza majina, tarehe ya kuzaliwa na majina ya mama. Jirani anayekufahamu vizuri anayajua hayo yote. Namba ya NIDA ni kama jina lako: inakutambulisha, lakini haithibitishi kwamba anayeitaja ni wewe. Cha kulinda zaidi ni kidole, nakala, na habari ya nini kimefunguliwa kwa jina lako.

"Kidole hakisomi, weka tena"

Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza nchini tarehe 1 Mei 2019. Mwisho wake ulikuwa 31 Desemba mwaka huo, ukasogezwa hadi 20 Januari 2020. Wengi wanakumbuka foleni za siku zile. Wengi pia walipata namba kabla ya kadi, wakaiandika kwenye vikaratasi au wakaipiga picha na kutumiana kwa simu. Picha hizo bado zimo kwenye simu za watu, nyingine kwenye simu zilizokwishauzwa.

Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, imeonya mara nyingi kuhusu wizi wa aina moja. Mteja anakwenda kwa wakala kusajili laini moja. Anaweka kidole, anaambiwa hakijasoma, anaweka tena, na tena. Mara ya kwanza ilisoma; za baadaye zimesajili laini nyingine kwa jina lake, na laini hizo zinauzwa kwa watu asiowajua.

Ugumu ni kwamba vidole kukataa kusoma ni jambo la kweli kabisa. Mkono unaopalilia kahawa kwenye miteremko ya Meru, unaofua nguo za watu au unaogonga kokoto, alama zake husagika. Kuambiwa urudie si ushahidi kwamba wakala ni mwizi, na mawakala wengi wanatafuta riziki yao kwa haki. Ndiyo maana hatusemi umgombeze. Kila anapokuambia urudie, mwombe akuonyeshe kioo cha simu yake: ni namba ipi ya laini inayosajiliwa sasa, na mfumo umejibu nini? Usiondoke kabla laini yako haijaanza kufanya kazi. Ukishafika nyumbani, piga *106#.

Huduma hiyo hukuonyesha laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Fuata maelekezo yanayotokea, na kama una laini za mitandao tofauti, ziangalie zote. Tunapendekeza ufanye hivyo kila baada ya miezi michache, na kila mara baada ya kuweka kidole popote.

Ukikuta namba usiyoijua, usiipigie kumfokea aliyenayo. Nenda duka la mtandao husika ukiwa na kitambulisho, weka kidole, sema laini hiyo si yako na omba ifungwe. Kisha omba uthibitisho wa maandishi wenye tarehe. Karatasi hiyo ina kazi, kwa sababu laini ya namna hii ndiyo inayotuma ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Fedha zikiingia hutolewa haraka na laini hutupwa. Taarifa za robo mwaka za TCRA kuhusu majaribio ya utapeli zimekuwa zikiitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro mbele ya mingine, lakini kidole kilichosajili laini kinaweza kuwa cha mama wa Kijenge ambaye hajawahi kufika Sumbawanga. Aliyetapeliwa akiripoti, jina linalotokea kwenye muamala ni la mama huyo, na ndiye atakayetakiwa kujieleza.

Kuna pia laini ya hisani. Umemsajilia shemeji asiye na namba, au kijana aliyekuja mjini kutafuta kazi. Hapo hakuna aliyekuibia, ila hatari ni ileile. Akiiuza simu pamoja na laini, wewe ndiye uliyemo kwenye kumbukumbu. Msaidie aandikishwe NIDA apate laini yake mwenyewe, na ile ya kwako uifunge.

Steshenari na mikopo ya simu

Sehemu nyingine inayovuja ni steshenari. Kompyuta ni moja, WhatsApp ni moja, na kila mteja anatuma hapo vyeti, picha na kitambulisho ili vichapwe. Mwisho wa siku mashine hiyo ina nyaraka za mtaa mzima. Omba faili lako lifutwe mbele yako, kwenye mazungumzo, kwenye folda lilikopakuliwa na kwenye kapu la taka. Nakala unayoikabidhi ofisini ichoree mstari na uandike juu yake inakokwenda na tarehe, mfano "kwa kufungulia akaunti ya SACCOS tu". Ni vigumu kuipeleka kwingine bila kuulizwa.

Halafu kuna programu za mikopo. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Baadhi ya programu za aina hii huchukua namba ya NIDA, picha ya uso na orodha yote ya majina yaliyomo kwenye simu, na ukichelewa kulipa, shangazi na bosi wako wanapata ujumbe. Kabla ya kujaza chochote, hakikisha mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu.

Sheria inasemaje

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume inayoisimamia ilizinduliwa Aprili 2024. Inakupa haki ya kumuuliza aliyechukua taarifa zako anazo zipi na anazitumiaje, kudai zirekebishwe au zifutwe, na kulalamika kwenye Tume.

Jirani zetu wa Kenya waliona umuhimu wa chombo kama hicho Juni 2021. Wengi walipoangalia kwenye mfumo wa eCitizen walikuta wameandikishwa kuwa wanachama wa vyama vya siasa ambavyo hawakujiunga navyo. Kamishna wa Ulinzi wa Data alipokea mamia ya malalamiko. Korea Kusini, baada ya kubainika mwaka 2014 kwamba taarifa za watu wapatao milioni 20 zimeibwa kwenye kampuni za kadi za benki, ilizuia taasisi kukusanya ovyo namba za wakazi, na tangu 2017 aliyeumizwa na uvujaji anaweza kuomba namba mpya.

Ukipokea ujumbe wa kitapeli, utume kwenda 15040 pamoja na namba iliyoutuma, kisha ndipo uufute. Kama fedha zimekwishatoka, piga kwanza huduma kwa wateja ya mtandao wako kabla hata ya kwenda polisi, kwa sababu muamala huweza kuzuiwa tu endapo fedha bado hazijatolewa.