Ingizo na towe: mwelekeo wa pini za maikrokontrola

Ingizo nm LI-/YA- (wi. maingizo), towe nm LI-/YA- (wi. matowe).

Maana. Ingizo ni ishara ya umeme inayopokewa na kifaa. Towe ni ishara inayotolewa na kifaa hicho. Maneno haya hukutana sana katika maelezo ya maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo iliyokusanywa ndani ya chipu moja. Pini zake nyingi hazina mwelekeo wa kudumu. Programu ndiyo inayoipangia kila pini kazi ya kupokea au ya kutoa, na kitendo hicho huitwa *kusanidi pini*.

Mwelekeo hutajwa kutoka upande gani? Katika Milima ya Pare, wilayani Same, wakulima hutumia *ndiva*, bwawa dogo linalokusanya maji ya mfereji usiku ili yafunguliwe mchana kwenda mashambani. Maji yanayotoka katika ndiva ndiyo yanayoingia shambani: mkondo ni mmoja, bali jina la mwelekeo hutegemea mahali aliposimama msemaji. Pini za maikrokontrola zinapotajwa, msemaji husimama upande wa maikrokontrola. Kwa hiyo taarifa inayotolewa na kihisi ni *ingizo*, ingawa kwa kihisi chenyewe ni towe.

Mfano. Tuseme fundi anataka pampu ijaze tangi la shule mjini Same na kusimama lijaapo. Swichi ya boya huungwa kwenye pini ya ingizo; relei ya pampu huongozwa na pini ya towe. Katika chipu ya ATmega328P, inayotumika kwenye bodi ya Arduino Uno, pini huwa za ingizo chipu inapowashwa. Amri ya *pinMode* ndiyo inayobadilisha mwelekeo. Pini moja haipaswi kubeba zaidi ya miliampia 40, hivyo relei huwekewa transista katikati.

Mfasiri akiandika “pini ya kutoa taarifa ya boya”, msomaji aweza kuisanidi pini hiyo kuwa towe. Ikiwa programu inaipa volti 5 na swichi ikaiunganisha na waya wa ardhi, mkondo mkubwa hupita na pini yaweza kuungua. Afadhali kusema: “pini ya ingizo inayopokea taarifa ya boya”.

Maneno ya kuangaliwa

*-ingia, -ingiza.* Ishara *huingia* katika pini, boya *huiingiza*. “Pini ya kuingiza” haisemi nani anaingiza nini. “Pini ya ingizo” haina utata huo.

*Towe, tokeo, toleo.* Tokeo ni kinachopatikana baada ya tendo, kama matokeo ya mtihani. Toleo ni chapa ya kitabu au ya programu. Kwa pini, *towe* ndilo lisilochanganya.

*-elea.* Pini ya ingizo isiyounganishwa na chochote *huelea*: husomeka 0 au 1 bila mpango. Hutulizwa kwa kipingamkondo kinachoivuta kuelekea volti ya juu au ya chini. Katika sentensi moja na boya, ambalo nalo huelea, ni vyema kusema “pini iliyoachwa wazi”.

*-funga, -fungua.* Hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi. Kufungua ndiva huruhusu maji kupita, na kuifunga huyazuia. Swichi ni kinyume: mzunguko ukifungwa umeme hupita, ukifunguliwa hukatika. Kwa wanafunzi waliozoea mifereji na mabomba, tumia *-unganisha* na *-katisha*.

*-sanidi.* Wapo wanaolitumia pia kwa kuweka programu mpya katika kompyuta. Mahali ambapo maana zote mbili zinakutana, andika “kupanga mwelekeo wa pini”.

Tanbihi kwa watafsiri. Maneno ya lugha ya programu, kama *INPUT* na *OUTPUT*, hayatafsiriwi ndani ya msimbo, kwa kuwa mashine haitayatambua. Yafafanuliwe pembeni: “*INPUT* huifanya pini kuwa ya ingizo.” Kabla ya kukabidhi tafsiri, chora mshale kwa kila pini kwa kufuata maneno ya Kiswahili pekee, kisha linganisha na mchoro wa asili. Mshale ukigeuka, sentensi ndiyo ya kurekebishwa.